UZI: Wakfu za kifamilia Uingereza zinavyogawa pesa za sanaa na miradi ya jamii mikoani

#1 Nahodha wa Pangani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Maswali ya "tunapataje ruzuku" yamekuwa mengi na majibu yametawanyika kwenye nyuzi tofauti, nimeona tuyakusanye hapa. Walengwa ni vikundi vyetu vilivyoko Uingereza, hasa nje ya London: taarabu, ngoma, maigizo, madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi, jumuiya za Watanzania, Wakenya na Wakongo zenye kaukumbi kao. Walioko Afrika Mashariki watapata sehemu yao huko chini, ila nawaambia mapema kwamba si habari wanayotaka kuisikia.

Mfano wangu ni Garfield Weston Foundation, kwa sababu ni miongoni mwa wakfu kubwa za kifamilia nchini humo na masharti yake yanaeleweka. Ulianzishwa 1958 na Willard Garfield Weston, Mkanada mwenye biashara ya mikate na biskuti aliyehamia Uingereza miaka ya 1930. Wadhamini wote mpaka leo ni wazao wake. Kwa mwaka unafikia mashirika kama 2,000, na jumla ya ruzuku miaka ya karibuni inazunguka pauni milioni 100.

Pesa yenyewe haichangishwi. Wakfu unamiliki asilimia 79.2 ya kampuni iitwayo Wittington Investments, nayo Wittington ina zaidi ya nusu ya hisa za Associated British Foods (ABF), wenye Primark, chai ya Twinings, Ovaltine na viwanda vya sukari. Gawio linatoka ABF, linapita Wittington, linaingia kwenye wakfu. Kwa mwombaji hilo lina maana moja kubwa: hakuna wizara wala halmashauri inayowabadilishia kipaumbele kila uchaguzi ukipita. Mafungu yao ni yale yale ya kawaida: sanaa, jamii, vijana, ustawi, elimu, afya, mazingira, urithi, dini. Huna haja ya kuvalisha taarabu joho la "ubunifu wa kidijitali" ili ipite.

Ruzuku za kawaida ni hadi pauni 100,000. Unaomba mtandaoni, hakuna tarehe ya mwisho, jibu linachukua miezi kama minne. Zaidi ya kiasi hicho kuna njia nyingine, ndefu zaidi, ya mashirika makubwa. Tusiipotezee muda hapa.

Masharti yanayowaangusha wengi wetu:

- Uwe shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza. CIC (kampuni ya manufaa ya jamii) hapana, hata kama kazi yake ni njema kiasi gani. Halmashauri hapana, mtu binafsi hapana.
- Kazi ifanyike Uingereza na faida ibaki Uingereza.
- Tamasha au hafla ya mara moja hawagusi, hata ikiwa ni ya kuchangisha.
- Mshahara wa cheo kimoja kilichotajwa hawalipi, ila wanaelewa kwamba gharama za uendeshaji na za mradi zina mishahara ndani yake.
- Mradi wa jengo au vifaa vikubwa: karibu nusu ya gharama yote iwe imeshapatikana kabla hujaomba.
- Kiasi cha kuomba ni kama asilimia 10 ya gharama ya mradi, au ya bajeti yako ya mwaka ukiomba ya uendeshaji.
- Ukishajibiwa, iwe ndiyo au hapana, unasubiri miezi 12.

Masharti hubadilika. Soma ukurasa wao siku unayoomba, usitegemee uzi huu wala PDF ya mwaka juzi inayozunguka WhatsApp.

#2 Kijana wa Ifakara

Mkuu samahani kukutoa nje ya mada. Hiyo sukari ya ABF ndiyo hii yetu ya Kilombero?

#3 Nahodha wa Pangani

Ndiyo. ABF walichukua asilimia 51 ya Illovo, kampuni ya sukari ya Afrika Kusini, mwaka 2006, wakamalizia iliyobaki 2016. Illovo ndio wenye asilimia 75 ya Kampuni ya Sukari Kilombero, serikali yetu ina 25. Kwa hiyo sehemu ya faida ya Bwana Sukari inaweza kuishia kwenye paa la jumba la maigizo kule Cornwall. Wakfu wenyewe hautoi Kilombero. Anayetaka kuujadili uhalali wa hilo afungue uzi mwingine, mimi nitakuja na maneno yangu.

#4 Mkaguzi_wa_Vitabu

Niongeze upande wa hesabu, maana hapo ndipo ombi linapokufa kabla andiko halijasomwa.

Anayepitia ombi lako anaanza kwenye daftari la Charity Commission, tume inayosajili mashirika ya hisani. Anaingiza namba yako ya usajili, anaona mapato na matumizi ya miaka iliyopita, majina ya wadhamini, na kama umewasilisha kwa wakati. Muda ni miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Ukichelewa daftari linaonyesha wazi, na hakuna sentensi tamu itakayolifuta. Vikundi vilivyosajiliwa kama CIO (shirika la hisani lenye hadhi yake kisheria bila kuwa kampuni) vinapaswa kuwasilisha hesabu hata kama mapato ni pauni 800. Wengi hudhani udogo unawasamehe.

Kinachofuata ni akiba. Hapa kuna hesabu ndogo ya kufanya kabla ya yote. Chukua kikundi chenye matumizi ya pauni 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi. Sera ya akiba ya miezi 3 mpaka 6 ina maana ya pauni 15,000 hadi 30,000. Ukiwa na 2,000, mfadhili anaona hatari ya kufunga milango katikati ya mradi. Ukiwa na 90,000 atauliza kwa nini usitumie zako. Vyote viwili vinakataliwa, na cha pili kinauma zaidi kwa sababu mara nyingi ni makosa ya uwasilishaji: hizo 90,000 ni pesa zenye masharti za mradi mwingine, au ni thamani ya basi dogo, lakini mweka hazina ameziweka zote mstari mmoja.

Kwa hiyo tenganisha katika hesabu, mistari mitatu: fedha zenye masharti, fedha zilizotengwa na bodi, na akiba huru. Akiba huru ndiyo inayolinganishwa na sera. Vikundi vidogo visivyo kampuni vinaruhusiwa kuandaa hesabu rahisi za mapokezi na malipo, lakini hata hizo weka safu ya pesa zenye masharti peke yake.

Tatu, hesabu zako, bajeti na maelezo ya fomu yasigongane. Daftari linasema mapato 41,000, andiko linasema "bajeti yetu ya mwaka ni takriban 75,000". Inawezekana yote ni kweli kwa sababu mwaka huu mmekua. Basi andika hivyo: mwaka uliopita 41,000, mwaka huu 75,000 kwa sababu ya ruzuku fulani, hadi sasa zimeingia kiasi hiki. Usimwachie msomaji akisie.

Na akaunti ya benki iwe kwa jina la shirika lenyewe, si la mwenyekiti, na watia saini wawili wasio ndugu. Bodi yenye mume, mke na shemeji inaonekana kwenye daftari lile lile.

#5 Mama Darasa la Jumamosi

Kaka Mkaguzi, sisi tuko kwenye pauni 9,000 kwa mwaka, tunapanga darasa shuleni. Asilimia 10 ni pauni 900. Hivi inafaa hata kuhangaika nao?

#6 Mkaguzi_wa_Vitabu

Dada, kwa ukubwa huo hapana, kwa sasa. Anzeni na Awards for All ya Bahati Nasibu ya Taifa: pauni 300 hadi 20,000, fomu yake ni fupi na inapokea vikundi visivyosajiliwa, ilimradi mna katiba, akaunti na angalau watu wawili wasio ndugu kwenye uongozi. Pia tafuteni wakfu wa jamii wa kaunti yenu. Karibu kila eneo la Uingereza lina mmoja, na ndani yake familia za pale pale huweka mifuko midogo ya pauni mia tano, elfu moja, elfu mbili. Pesa ya familia ipo hata huko, ila inapita kwa msimamizi mmoja na fomu moja. Miaka miwili ya ruzuku hizo, hesabu safi, ndipo majina makubwa yana cha kusoma.

Msiende Esmée Fairbairn kwa ukubwa huo. Huo ni wakfu wa 1961 wenye fungu linalofaa kwa sanaa za jamii, lakini ruzuku zao zinaanzia pauni 30,000 na wanataka mapato yasiyopungua 100,000 kwa mwaka. Paul Hamlyn Foundation, wa 1987, unajali sanaa, vijana na uhamiaji. Mwanzilishi wake mwenyewe aliletwa Uingereza mtoto, familia ikiikimbia Ujerumani ya 1933. Lakini nao unatafuta mashirika yenye uwezo wa kubeba kazi kubwa.

#7 Fundi Mkadiriaji

Naja na majengo, maana naona wengi wanataka kununua au kukarabati kumbi za makanisa ya zamani ziwe vituo vya sanaa. Nitaweka bajeti ya mfano, kila mtu abadilishe tarakimu zake.

Paa, sakafu, umeme, choo cha walemavu na ngazi mteremko: 112,000
Dharura, asilimia 10 ya ujenzi: 11,200
Ada za msanifu na mkadiriaji, asilimia 12: 13,440
Taa za jukwaa, spika, viti 120: 18,000
Jumla ndogo: 154,640
VAT asilimia 20: 30,928
Jumla: pauni 185,568

Mstari wa VAT ndio unaoua miradi. Kotesheni za makandarasi kule karibu zote zinaandikwa bila VAT, na maandishi madogo chini. Kikundi kinachukua 112,000, kinaongeza viti, kinaandika "mradi wetu ni 130,000". Baada ya kupata pesa yote kinagundua pengo la zaidi ya 55,000. Shirika la hisani ambalo halijasajiliwa VAT halirudishiwi kodi hiyo. Ni gharama kamili, iandike.

Kuna nafuu ambayo wengi hawaidai. Choo cha walemavu, ngazi mteremko na kupanua milango kwenye jengo la hisani vinaweza kutozwa VAT asilimia 0. Tuseme vinachukua 14,000 kati ya ile 112,000: hapo umeokoa 2,800. Lakini lazima umpe mkandarasi tamko la maandishi kabla hajatoa ankara, na kazi hiyo iwe na mstari wake kwenye kotesheni. Akiichanganya ndani ya "ukarabati wa jumla" umeshaikosa.

Sasa ile nusu ambayo Weston wanataka iwe imepatikana. Nusu ya 185,568 ni 92,784. Mfano wa kuifikia:

Akiba ya kikundi 12,000
Michango ya wanachama 16,000
Gift Aid juu ya michango hiyo 4,000
Halmashauri 15,000
Awards for All 20,000
Mfuko wa kodi ya madampo 30,000
Jumla 97,000, sawa na asilimia 52.

Maelezo mafupi. Gift Aid ni nyongeza ya serikali ya peni 25 kwa kila pauni iliyotolewa na mlipa kodi wa Uingereza aliyejaza tamko. Haihusu tiketi za pilau wala bahati nasibu ya usiku wa Eid, kwa sababu pale mtu kanunua kitu. Mfuko wa madampo unatoa kwa majengo ya umma yaliyo karibu na dampo, kwa kawaida ndani ya maili 10, kwa hiyo angalia ramani kwanza kabla ya kuuweka kwenye orodha.

"Imepatikana" ina maana ya barua au pesa benki. "Diwani ametuahidi kwa mdomo" iweke kwenye orodha ya pili, ile ya maombi yanayosubiri, pamoja na jina la mfadhili, kiasi na mwezi wa majibu. Saa za watu wa kujitolea usizigeuze kuwa pauni ndani ya jedwali hili. Zitaje pembeni.

Weston ungewaomba 18,500. Bado 70,068 inabaki, na wao wanajua. Wanachotaka kuona ni kwamba unajua itatoka wapi.

#8 Nahodha wa Pangani

Fundi, gusia mkataba wa pango. Nimeona maombi mazuri yakikwama hapo.

#9 Fundi Mkadiriaji

Kweli. Hakuna anayeweka 18,500 kwenye paa la mtu mwingine. Kama hammiliki jengo, wafadhili wa majengo wanaangalia miaka iliyobaki kwenye mkataba na kipengele cha kuvunja. Mkataba wa miaka 10 wenye kipengele kwamba mwenye nyumba anaweza kuuvunja kwa notisi ya miezi 6 machoni pao ni mkataba wa miezi 6. Ukae naye kabla ya ombi, kipengele kifutwe au kisogezwe mpaka baada ya mwaka wa saba au wa nane. Makanisa na halmashauri mara nyingi hukubali wakionyeshwa kwamba pesa ya nje inategemea hilo. Pata pia ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba kwa ukarabati wenyewe, na kibali cha ujenzi kama kinahitajika. Ombi linaloenda bila kibali hukaa kusubiri, na bei za kotesheni huwa zimeshapitwa.

#10 Taarab_Leicester

Naona mmeng'ang'ania majengo. Sisi tuna kikundi cha watu 14, fidla, kanuni, udi, kodiani na waimbaji. Tunataka kufanya tamasha la siku mbili. Mmeshasema hawatoi kwa tamasha. Ndiyo basi?

#11 Bi Mwandiko

Si basi, ila unaomba pesa ya kitu kingine. Jiulize tamasha linatokana na nini. Kama mwaka mzima mna mazoezi ya wazi kila Alhamisi, mnafundisha vijana kanuni na udi, mnaenda kwenye nyumba za wazee, basi kazi yenu ni hiyo, na siku mbili za jukwaani ni matokeo yake. Unaomba gharama za uendeshaji wa kazi ya mwaka. Tamasha lenyewe linakwenda Arts Council England, fungu la Project Grants, ambako hadi pauni 30,000 jibu ni la wiki kama 10 na wanataka angalau asilimia 10 itoke kwingine. Lakini usidanganye. Kama kweli hamna kitu ila siku hizo mbili, acha Weston.

Bajeti ya uendeshaji ya kundi la sanaa msiifiche kwa aibu. Walipeni wanamuziki kwa viwango vinavyokubalika vya chama chao. Wafadhili wa sanaa wanajua bei, wakiona mpiga fidla analipwa pauni 25 kwa kazi ya saa tatu wanajua ama mnanyonya watu ama hamjui gharama zenu. Wekeni ukumbi wa mazoezi, bima ya dhima kwa umma, matengenezo ya ala (nyuzi za kanuni si bei ya nyuzi za gitaa, na kupata fundi wa kodiani ni safari), usafiri, mratibu, mtunza hesabu. Kama mnafundisha watoto, sera ya ulinzi wa watoto na ukaguzi wa DBS (wa rekodi za jinai) kwa walimu. Sera hiyo iwe na jina la mtu anayepokea malalamiko, si karatasi iliyonakiliwa yenye jina la shule nyingine juu. Hilo limeonekana zaidi ya mara moja.

Andiko lenyewe sasa. Sentensi ya kwanza iseme nani, wapi, kazi gani, kiasi gani kinaombwa, kwa ajili ya nini. Msomaji ana mafaili mengi mezani. Tunapenda kuanza na historia, "tangu enzi za mababu zetu muziki wa taarabu umekuwa..." Futa. Linganisheni:

"Jumuiya yetu ina dhamira ya kuinua utamaduni wa Kiswahili na kuleta umoja na mshikamano kwa vizazi vijavyo."

"Tunafundisha kanuni, udi na uimbaji wa taarabu kwa vijana 35 wa miaka 11 hadi 18 mashariki mwa Leicester, kwa muda wa saa mbili kila Alhamisi, wiki 40 kwa mwaka. Tunaomba pauni 5,000 kati ya gharama za mwaka za 52,000."

Ya pili inaweza kuhakikiwa. Mfadhili anaweza kuzidisha, kugawanya, na kufika mwenyewe kwamba kila kijana anagharimu kiasi fulani. Ongezeni hali ya mtaa kwa takwimu rasmi: ingizeni postikodi kwenye orodha ya serikali ya unyimifu (uduni wa hali) wa maeneo, mwone mtaa wenu uko katika fungu la ngapi kati ya kumi. Halafu mseme wanaokuja ni kina nani. Kama ni Waswahili tu, semeni, na kama nusu ni Wasomali, Wagujarati na Waingereza, semeni pia, kwa sababu swali la "ni kwa umma au ni klabu yenu" linaulizwa hata lisipoandikwa.

#12 Wakili wa Mtaa

Bi Mwandiko kanipa njia. Klabu ya watu wa taifa moja wanaokutana kula na kucheza si shirika la hisani kwa sheria ya Uingereza na Wales. Malengo kwenye katiba lazima yawe ya hisani kisheria na yenye faida kwa umma: kuendeleza sanaa, utamaduni na urithi, elimu, kupunguza umaskini. "Kuwaunganisha Watanzania wa Midlands" peke yake itarudishwa na Charity Commission. Tumieni maneno ya katiba ya mfano waliyoiandaa wenyewe. Ya CIO ina aina mbili, ya wadhamini peke yao na ya wanachama wenye kura. Jumuiya zetu nyingi zinafaa ya pili, watu wakishazoea kupiga kura hawakubali kunyang'anywa.

Mkiwa tayari CIC, tangu 2018 kuna njia ya kubadilika kuwa CIO moja kwa moja bila kuanza upya. Mkiwa Uskoti daftari ni la OSCR, msimamizi wa mashirika ya hisani wa huko, na Ireland Kaskazini wana tume yao. Utaratibu hautofautiani sana.

La wasanii: mdhamini anayepiga fidla na kulipwa. Mdhamini halipwi kwa kuwa mdhamini. Kwa huduma anaweza kulipwa ikiwa katiba haikatazi, kuna makubaliano ya maandishi, kiasi ni cha haki, na wanaolipwa hivyo ni wachache ndani ya bodi. Yeye anatoka nje wakati kikao kinajadili. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao kwamba alitoka. Kwenye vikundi vya watu 14 ambako bodi ndiyo bendi, hili haliwezekani, basi tafuteni wadhamini wasiopiga ala: mwalimu, nesi, mhasibu.

Na msichanganye kapu. Kikundi ambacho sehemu kubwa ya matumizi yake ni visima na madawati nyumbani kitapata taabu kwa wakfu unaotoa kwa Uingereza pekee, hata kama ombi ni la darasa la Leeds.

#13 Mzee wa Kilindini

Nasoma kutoka Mombasa. Sasa sisi huku tumetupwa? Kuna vikundi hapa Mji wa Kale vina kazi ya maana kuliko hiyo ya Leicester, bila kumkosea mtu heshima.

#14 Wakili wa Mtaa

Shikamoo mzee. Kwa wakfu huo, ndiyo, mlango umefungwa, na kikundi cha Uingereza kikiomba kisha kiwatumie ninyi kitakuwa kimevunja masharti.

Angalieni Marekani. Wakfu binafsi kule unatakiwa na sheria kutoa karibu asilimia 5 ya mali zake kila mwaka, na unaruhusiwa kutoa nje ya nchi kwa njia mbili. Ya kwanza, wanasheria wanathibitisha kwamba shirika lenu ni sawa na shirika la hisani la Marekani. Ya pili, wakfu unabeba wajibu wa kufuatilia matumizi: uchunguzi kabla ya ruzuku, mkataba wa maandishi, pesa kutengwa kwenye akaunti au vitabu vyake, ripoti kila mwaka. Hiyo ya pili ndiyo inayowapata vikundi vidogo, na ndiyo sababu wakfu nyingi za familia huogopa. Ukiwa na katiba, cheti cha usajili, hesabu za miaka miwili na sera ya manunuzi tayari kwenye bahasha moja, umewapunguzia woga.

Kila wakfu binafsi wa Marekani hujaza fomu ya kodi 990-PF na fomu hiyo ni ya umma, inasomwa bure kwenye tovuti ya Nonprofit Explorer ya ProPublica. Tazameni mambo mawili. Orodha ya ruzuku zilizolipwa: kama miaka mitatu yote ni mji mmoja wa Ohio, acheni. Na kisanduku kinachosema wakfu unatoa kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe tu, haupokei maombi. Kikiwa kimewekwa alama, msitume kitu.

Kwa Kenya hakikisheni usajili wenu umehamia chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyoanza kutumika 14 Mei 2024. Kwa Tanzania, shirika lisilo la kiserikali likipata fedha zaidi ya shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinataka mkataba uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mfadhili makini atakuuliza kama umefanya hivyo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao upo, lakini ule unakopesha. Usiuweke kwenye jedwali kama ruzuku.

#15 Kijana wa Ifakara

Nashukuru wakili. Swali la mwisho kwa mleta mada: ukishapata, wanakusumbua?

#16 Nahodha wa Pangani

Kidogo kuliko serikali. Barua inataja kusudi la pesa, hilo ndilo sharti. Ikiwa imetolewa kwa paa, iingie kwenye hesabu kama pesa yenye masharti na itoke kwa ankara za paa. Paa likigharimu pungufu, usihamishie salio kwenye spika kimyakimya. Andika barua pepe, eleza, subiri jibu, hifadhi jibu. Wengi hukubali. Wasichokubali ni kuligundua jambo hilo wenyewe kwenye hesabu za mwaka unaofuata.

Ripoti iwe fupi: mlisema vijana 35, wamekuja wangapi, wamebaki wangapi mpaka wiki ya 40, kilichoharibika ni nini. Mkipata 22, andikeni 22 na sababu yake.

Kuhusu ratiba, kwa mradi kama wa Fundi: miezi ya kwanza ni mkataba wa pango na kotesheni tatu. Kisha michango ya wanachama, halmashauri na Awards for All kwa pamoja. Barua zikifikisha nusu, tuma Weston na wengine wa kiwango hicho wiki hiyo hiyo, wala usingoje mmoja ajibu ndipo uandikie mwingine, maana kila mmoja ana miezi yake minne au mitano na kotesheni nyingi zina uhai wa siku 90. Mwombe mkandarasi aongeze muda kwa maandishi siku anapoitoa, si siku imeshakwisha.